Mahari, Escudo na Jina Kwenye Kadi



Msimu huu wa harusi swali lililonijia mara nyingi si la hina wala la ukumbi. Ni la gari. Bi harusi ana mahari yake mkononi na akiba kidogo ya mshahara, ameshaiona Escudo ya rangi ya fedha au RAV4 ya 2008 yadini, na anauliza: ninunue au niache? Mama yake anamwambia weka dhahabu. Mashoga wanamwambia nunua, utakuwa unasubiri daladala mpaka lini. Bwana harusi mtarajiwa anasema "tutaangalia", na neno hilo nitalirudia huko mbele kwa sababu lina uzito wake.

Mimi nipo upande wa kununua, tena gari iliyotumika, tena ya kimo hicho hicho. Lakini kuna sharti moja ambalo silegezi, nalo halihusu injini. Linahusu jina litakaloandikwa kwenye kadi.

Kwanza niwajibu wanaotucheka. Wapo wanaosema mwanamke anataka gari ndefu ili aonekane. Wengine kweli, siwezi kuapa. Lakini anayekaa njia za ndani za Fuoni, Tunguu au Bumbwisudi anajua masika yakifika kunakuwaje. Gari ndogo ya kawaida imeinuka kutoka chini sentimita 14 hadi 16 hivi. Rush au Escudo zimefika kiasi cha 20. Hizo sentimita chache ndizo zinazoamua kama utavuka dimbwi la mbele ya mlango wako au utaliacha gari kwa jirani na kuingia nyumbani umevua viatu. Halafu kiti chake kimekaa juu, huingii kwa kujikunja, na mwenye mimba ya miezi minane ataniunga mkono bila kuulizwa. (Pindo la buibui angalieni tu kabla ya kufunga mlango. Nimeona mengi yakiburuzwa barabarani.)

Mama anayesema dhahabu naye hakukosea. Dhahabu haishiki kutu, haitaki tairi, na siku ya shida inauzika. Gari inashuka thamani tangu siku ya kwanza, na anayekwambia gari ya kutembelea ni uwekezaji ana kitu anakuuzia. Lakini dhahabu haiwezi kukupeleka Mnazi Mmoja saa nane za usiku na mtoto ana homa. Kila kimoja kina kazi yake, ndiyo maana sishauri mahari yote iishie kwenye gari. Bakisha angalau theluthi. Gari iliyotumika itakuomba pesa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, inshaallah si nyingi, lakini itaomba: oili, betri, bushi, tairi mbili. Ukiwa umemaliza kila kitu kwenye bei ya kununulia, hapo ndipo utakapoanza kukopa.

Na kwa vile tumeitaja mahari, kumbuka kuwa si mkaja wala kilemba. Ni yako peke yako, Suratun Nisaa imeliweka wazi hilo, na wala huna haja ya kumwomba mtu ruhusa ya kununulia kitu halali. Pia wengi hulisahau jambo hili: mahari ya fedha taslimu ikikaa mwaka mzima wa Kiislamu, nayo imefika nisabu, ina zaka ya asilimia 2.5. Gari unayoitumia mwenyewe haina zaka. Sisemi ununue gari ili kuikimbia zaka. Nasema ujue pesa zako ziko katika hukumu gani wakati bado unafikiria.

Sasa tuzitaje kwa majina.

Suzuki Escudo, ile iliyotoka 2005 ambayo nchi nyengine huitwa Grand Vitara, ni ngumu kweli kweli. Nyingi zinavuta kwa magurudumu yote manne muda wote, na kwa njia za shamba hutaijutia. Utaijutia kwenye pampu ya mafuta. RAV4 iliyoanza mwisho wa 2005 ina nafasi, ina jina, na ukitaka kuiuza haikai. Lakini yenye injini ya 2.4 ina sifa ya kula oili ikizeeka. RAV4 ya kabla yake, yenye injini ya 2.0 iliyoandikwa D-4, hujaza masizi, na mafundi wetu wengi ukiitaja wanakunja uso. Nissan X-Trail ya kuanzia 2007 inapendeza ndani na bei yake inavutia. Jiulize kwa nini inavutia. Nyingi zilizotoka Japani zina giaboksi ya CVT, ambayo inataka mafuta yake maalumu. Fundi akitia ya kawaida kwa sababu "yote ni mafuta ya gia", umelia.

Ningeulizwa mimi, mwanamke anayekwenda kazini mjini na kurudi Fuoni, na Jumapili anakwenda shamba kumwangalia bibi yake, ningempa Toyota Rush au nduguye Daihatsu Be-go. Zilitoka 2006, injini ni ya 1.5, ndani si pana, na kwenye lami zinarukaruka kidogo. Watoto watatu na mama mkwe watabanana. Lakini mfuko hauumii. Na yenye kuvuta kwa magurudumu mawili inatosha. Magurudumu manne ni kwa anayekanyaga tope kila siku, si kwa anayelikanyaga mara nne kwa mwaka.

Fanya hesabu mwenyewe. Kilomita 20 kwa siku, siku 26, ni kilomita 520 kwa mwezi. Gari inayokwenda kilomita 8 kwa lita itataka lita 65. Inayokwenda 11 itataka 47 na kidogo. Tofauti ni kama lita 18 kila mwezi, zaidi ya lita 200 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya ZURA ya mwezi huu, kisha uangalie kama ile Escudo bado ni nzuri kama ulivyoiona yadini. Kwa wengine itabaki nzuri, na hao waende nayo.

Kuhusu kukagua, nataka mtu mmoja tu: fundi wako. Si fundi wa dalali, si fundi "anayezijua gari za huyu bwana". Umlipe wewe, hata gari usiponunua.

Mwende asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukifika ukakuta boneti ina moto na muuzaji anasema ameisogeza tu kidogo, rudi kesho. Gari nyingi zina tabia ambazo huonekana katika dakika ya kwanza tu, na moshi wa buluu ni mmojawapo wa hizo tabia. Kisha ipandishwe juu, apige tochi chini. Kisiwa chetu ni chumvi tupu, hewa yake na ardhi yake, na baadhi ya gari hizi zimekuja na chumvi nyengine kutoka kwao: kaskazini mwa Japani barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Kutu ya juu juu si neno. Kutu inayomeguka ukiichokoa kwa bisibisi, chini ya milango au kwenye chasisi, ondokeni hapo hata kama rangi inang'aa kama kioo. Na chini ukikuta kumepakwa rangi nyeusi mbichi ya juzi, uliza inaficha nini.

Kama gari imetoka mnadani Japani, ilikuwa na karatasi ya mnada. Iulize. Ina daraja: 4 na 3.5 ni za kawaida kwa gari za umri huu, na ukiona R au RA maana yake ni kuwa gari iliumia na ikatengenezwa. Hilo peke yake si mwisho wa dunia, gari iliyotengenezwa vizuri inatembea, lakini bei yake si bei ya gari nzima. Linganisha namba ya chasisi ya kwenye karatasi na ya kwenye gari, na kilomita za kwenye karatasi na za kwenye dashibodi. Kilomita zikiwa zimepungua baada ya gari kuvuka bahari, basi hiyo ni miujiza ambayo sisi hatuiamini.

Na hapa dini yetu ina maneno mengi kuliko tunavyodhani, kwa sababu biashara ya vyombo vilivyotumika ni ile ile ya ngamia na punda iliyojadiliwa na mafakihi. Muuzaji anayejua kasoro na kuinyamazia amefanya haramu, na mnunuzi ana haki ya kurudisha akiigundua kasoro iliyokuwepo kabla ya kununua. Kauli ya "nauza kama ilivyo" haimsafishi mtu aliyejua na akaficha. Katika madhehebu yetu ya Shafi unaweza pia kuweka sharti la khiyari hadi siku tatu, kwamba ndani ya siku hizo una haki ya kuvunja. Liseme wakati wa kufunga biashara na uliandike. Muuzaji wa kweli hatakasirika. Anayekasirika amekujibu.

Kisha kuna yule mtu wa kwenye simu. Mnazungumza bei, simu ya dalali inalia, anageuka kidogo: "Huyu bwana wa Chake kesha toa laki tano zaidi yako, ila mie nakupendelea wewe dada." Mara nyingi huyo bwana hayupo. Mchezo huu una jina katika fikihi, najshi, kupandisha bei bila nia ya kununua, na umekatazwa. Huna haja ya kumtolea dalali darsa. Mwambie, "Basi muuzie huyo, Allah ambariki," kisha uanze kutembea polepole.

Ukienda na kaka yako, dalali ataongea na kaka yako. Ndivyo walivyo. Wengine wanaudhika, mie naona mwache aongee naye mpaka koo likauke, maadamu pesa ziko mkobani mwako na neno la mwisho ni lako.

Malipo. Kama pesa hazitoshi, usiende kwa mkopo wa riba kisha ukaja kuniuliza kuhusu baraka. Ndoa ya wiki mbili ikianza na riba, imeanza vibaya. Kuna murabaha: benki inainunua gari ikawa yake, kisha inakuuzia kwa bei ya juu kidogo inayojulikana tangu mwanzo, unalipa kwa awamu na bei haipandi. PBZ wana huduma za Kiislamu, na Amana Bank imekuwapo tangu 2011. Waulize wazi: mnainunua gari kwanza nyinyi, au mnanipa pesa tu na kuiita murabaha? Ulizia pia umri wa gari wanayokubali, usije ukaweka amana yadini kisha benki ikakataa. Na kama unaiagiza mwenyewe kutoka Japani, pata hesabu ya ushuru kwa maandishi kabla ya kutuma hata senti. Bei ya kwenye mtandao ni bei ya gari ikiwa bado kule kwao.

Tuje kwenye jina.

Dada mmoja ninayemjua alinunua gari kwa mahari yake yote pamoja na bangili mbili. Siku ya kusajili alikuwa na harusi ya ndugu yake, mume akaenda peke yake, kadi ikatoka kwa jina la mume. Hakukuwa na hila yoyote. Alikuwa mtu mwema, Allah amrehemu, kwa sababu baada ya miaka minne alifariki. Aliacha mke huyu, mke mwengine wa zamani ambaye ndoa yao ilikuwa bado ipo, na watoto. Ikaandikwa orodha ya mali za marehemu, na gari ikaingia.

Nyote mnajua hesabu ya mirathi. Mume akiacha watoto, fungu la mke ni moja ya nane. Wakiwa wake wawili, hiyo hiyo moja ya nane wanagawana. Kwa hivyo kwa karatasi, gari iliyonunuliwa kwa mahari ya mwanamke huyu, yeye alikuwa na moja ya kumi na sita. Angeweza kudai kwa Kadhi kuwa yote ni yake, na alidai. Akaambiwa jambo la haki kabisa: alete ushahidi. Risiti ya yadi ilikuwa na jina la mume. Bangili ziliuzwa mkono kwa mkono. Shahidi aliyebaki ni mama yake mzazi.

Sikulaumu Kadhi na sikulaumu warithi, watoto wa watu wana haki yao. Karatasi ilisema hivyo.

Ndiyo maana nasema jina kwenye kadi liwe la aliyelipa, na siku ya usajili uwepo wewe mwenyewe. Risiti iwe kwa jina lako. Pesa zipite benki au simu, zisipite mfukoni. Na ukinunua kwa mtu, uhamisho ufanywe pale pale, kabla gari haijatoka. Mji huu umejaa gari zinazoendeshwa kwa kadi za watu waliokwisha kuziuza zamani, na muuzaji akifa leo, warithi wake hawakujui wewe. Kwenye talaka nako ni hivyo hivyo. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 imefungua mlango wa Kadhi kuangalia mchango wa mke katika mali, lakini mchango unathibitishwa, hausimuliwi.

Mume akichangia robo ya bei, hiyo nayo iandikwe: ni zawadi, ni deni, au mna ushirika wa robo kwa robo tatu? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Sijui kwa nini sisi wa visiwani tunaona aibu kuandikiana na waume zetu kitu ambacho Mola wetu ametupa aya nzima juu yake.

Na hapa narudi kwa "tutaangalia". Bwana harusi anaposema hivyo, mara nyingi hajasema hapana. Anawaza mambo ambayo haoni njia ya kuyataja: watu watasema gari ni ya mkewe, na yeye ataiendesha vipi mbele ya wenzake? Ni binadamu. Yazungumzeni kabla ya ndoa, kwa upole, tena mambo madogo madogo: nani anatia mafuta, nani analipia bima, kaka zako na kaka zake wakitaka kuiazima jibu ni lipi. Nafaka ya nyumba ni juu ya mume, na gari yako ikigeuka kuwa ya kuleta unga, kupeleka watoto skuli na kumchukua wifi hospitali, si haki mafuta na tairi ziwe juu yako peke yako kwa sababu tu kadi ina jina lako. Wanawake wengi wamefika hapo bila kugombana hata siku moja, polepole, mpaka mshahara wao wote unaishia kwenye gari ambayo wao wenyewe hawaikuti asubuhi.

Anapoiendesha mume, kisheria ameazima. Na kwa Shafi, kilichoazimwa kikiharibika nje ya matumizi ya kawaida, aliyeazima anakidhamini. Lijueni. Usiku wa kwanza lakini msilitaje.

La mwisho, wengi wanataka gari ipatikane kabla ya siku yenyewe ili ipambwe maua. Msinunue wiki ya harusi. Una singo, una wageni kutoka Pemba, amana ya ukumbi haijalipwa, hulali. Huo si wakati wa kusimama chini ya gari na tochi. Kwa siku hiyo azimeni, au kodini kitu kizuri chenye viti vyeupe. Yako itafutwe baada ya miezi miwili mitatu, na kama inaangukia masika ni vizuri zaidi. Nenda kaiangalie siku ya pili baada ya mvua kubwa. Inua zulia la chini, upande wa abiria, tia mkono hadi mwisho, kisha unuse vidole.